Maji Aliyonawa Nasreen

Kichwa cha mwanamke wa Siyu hakina kesi barabarani. Akishavaa buibui na mtandio, awe na nywele za kufika kiunoni au awe na upara, nani atajua? Wanaume hawaoni kitu ila nguo nyeusi ikipita. Kesi iko ndani, kwa wanawake wenzake. Siku ya harusi, milango ikishafungwa na wanaume wakishatolewa, mabuibui hutundikwa, mitandio hushushwa, na kila mtu huanza kukikagua kichwa cha mwenzake kwa macho ambayo hata kadhi hana. Raihana alikuwa hajakanyaga harusi ya mtu kwa miaka minane. Sasa harusi iliyokuwa ikija ilikuwa yake mwenyewe, na ya mtu mwenyewe haina pa kukimbilia.

Si kwamba alizaliwa na kichwa cha kuficha. Utotoni nywele zake zilikuwa nyeusi, nzito, za kujaa mkono, na mamake alizitumia kama wenye maduka wanavyotumia ubao wa mlangoni. Mamake ndiye Bi Hadia, msusi wa Siyu, aliyewasuka mabibi harusi na mama zao kabla yao. Mkono wa Bi Hadia ulisifika kwa jambo moja, kukaza. Msuko wake haukufumuka hata mtoto akiogelea. Mtoto akitoka kwake ngozi ya uso imevutika, macho yamekuwa membamba, kichwa kinagonga, analala kifudifudi, na mamake anafurahi kwa kuwa kazi imefanywa ikafanyika.

"Tulia, mwanangu," Bi Hadia alikuwa akimwambia kila aliyelia. "Nikilegeza, kesho utakuya hapa na kitwa kimefumka."

Raihana alikaa kati ya magoti hayo kila Alhamisi baada ya alasiri tangu alipoanza kuwa na nywele za kushikika. Alilia akiwa mdogo. Alipokua akaacha kulia, akawa anauma ncha ya leso ya mamake, na mamake akimbusu utosi kila anapomaliza. Kwa Raihana, mapenzi ya mama yalikuwa na harufu ya mafuta ya nazi na maumivu ya juu ya masikio.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na minane yalipotokea yale ya Nasreen.

Nasreen alikuwa mamake mdogo, ndugu wa pekee wa Bi Hadia, na nyumba yake ilitazamana na yao, kichochoro tu katikati. Alikuwa mtu wa mdomo mwepesi na moyo mweupe. Mambo yalimtoka kabla hajayafikiria, na aghalabu yalikuwa mazuri. Siku hiyo walikuwa harusini, wanawake wamejaa ukumbi mzima. Nasreen akampitia Raihana kwa nyuma, akauinua msuko wake juu kama mtu aliyevua samaki mkubwa, akawaambia wenzake: "Tazamani nyele za mwanetu. Mwari mwenyewe hana hizi."

Wanawake wakacheka, hata mamake bibi harusi akacheka. Nasreen hakusema mashallah. Furaha ilimtangulia, neno likabaki nyuma, na kosa lake lote ni hilo.

Kabla ya Ramadhani ya mwaka huo, nywele za Raihana zikaanza kuondoka. Ziliondoka mbele kwanza, juu ya paji la uso, kisha pembeni juu ya masikio, taratibu, bila kuwasha wala kuuma. Bi Hadia akarudi nyuma kwa fikira, siku baada ya siku, akitafuta mlango balaa lilipoingilia, na akaufikia ulimi wa ndugu yake. Hakutafuta tena.

Watu wa huko wanajua la kufanya mtu akipigwa na jicho. Aliyetazama hunawa uso, mikono hadi viwiko, na miguu, na maji yake hukingwa ndani ya bakuli, na aliyetazamwa humwagiwa maji hayo. Ni dawa ya tangu enzi za Mtume, na hakuna anayeidharau. Lakini kumwomba mtu maji hayo ni kumwambia mbele ya watu kwamba ana jicho. Wapo walioombwa wakakataa, na ukoo ukavunjika pande mbili. Nasreen hakukataa. Alinawa, akalivusha bakuli mwenyewe mchana kweupe, bakuli jeupe la bati lenye ukingo wa samawati, akilia njia yote fupi ile. Bi Hadia akalipokea mlangoni pasi na kumkaribisha ndani, akammwagia mwanawe kichwani.

Nywele hazikuacha kutoka.

"Hakunawa kwa niya," Bi Hadia alisema. "Mikono ameosha, moyo hakuosha."

Basi ikawa ndivyo. Wazee wa msikiti walikwenda na kurudi. Waliambiwa kwamba Nasreen amesamehewa kwa Mungu, ila kwa maneno hasemezwi. Bakuli halikurudishwa. Lilifudikizwa kando ya tangi la maji uani, kuku wakawa wanapanda juu yake.

Miaka iliyofuata, kichwa cha Raihana kilipitia kila kitu. Alipakwa mafuta ya habasoda na ya nyonyo, akasuguliwa maji ya kitunguu hadi wanafunzi wake wa chekechea wakamuuliza kama amepika. Alipakwa yai, alipakwa mafuta ya mkia wa kondoo. Alinywa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikasuuzwa. Na kila baada ya dawa Bi Hadia alimweka kati ya magoti, akakusanya nywele zilizosalia, akazivuta kutoka nyuma kuja mbele kufunika palipo wazi, akakaza. Ilimbidi akaze kuliko zamani, maana zilikuwa chache na pa kufunika palikuwa pakubwa.

Mchumba hakuwa tatizo. Abubakr alikuwa akiendesha boti ya abiria wa uwanja wa ndege wa Manda, kijana mpole wa Siyu hiyohiyo. Raihana alimwandikia kwa simu kwamba ajue mapema, nywele zake si nyingi. Akajibiwa kwamba hata za Abubakr zimeanza kuaga, watazeeka pamoja. Alicheka, akaifuta machozi simu. Tatizo lilikuwa siku ya kupambwa, aketishwe juu ya kiti mbele ya wanawake wote wa Siyu, kichwa wazi, asmini juu yake, na kila mmoja anaikumbuka ile harusi nyingine.

"Nitazivuta za nyuma zote nizilete mbee," Bi Hadia alimwambia. "Na asmini nitaziweka nyingi. Hawatoona kitu. Niatia mimi."

Raihana alimwachia. Lakini alisikia kwamba daktari wa ngozi amefika Amu, mji wa Lamu, na atakuwapo wiki nzima. Akaaga kwamba anakwenda kununua vitu vya harusi, akaondoka kwa boti maji yalipojaa.

Daktari Kwamboka alikuwa mwanamke wa bara, mwenye miwani na sauti ya chini. Aliufunga mlango wa chumba, akangoja Raihana aushushe mtandio mwenyewe. Halafu alisogeza kitaa chenye kioo cha kukuza, akakitazama kichwa kile sehemu kwa sehemu, bila kuguna na bila kusikitika. Raihana alimshukuru moyoni kwa hilo.

"Nani amekuwa akikusuka?"

"Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa mtoto. Kila Alhamisi."

"Na anakaza?"

Raihana akatabasamu licha ya nafsi yake. "Daktari, mamangu ndiye Bi Hadia."

Kwamboka hakumjua Bi Hadia ni nani, na kwa hilo alikuwa na faida kuliko Siyu nzima. Alivuta kiti, akaketi karibu.

"Nitakueleza vile ninaona," alisema. "Hapa katikati na nyuma, mizizi iko hai, imechoka tu. Kuna dawa ya maji ya kupaka, inaitwa minoksidili. Inachukua miezi kabla uone kitu, na mwanzoni zinaweza kuanguka hata zaidi, usiogope ukaacha. Ukiolewa ukashika mimba, hapo unaacha mpaka tuongee."

"Sisi kwa watoto hatungojingoji," alisema Raihana.

"Basi ujue hivyo mapema. Damu pia tutapima. Kama madini ya chuma yamepungua, au tezi ya shingoni haifanyi kazi vizuri, hiyo inatibika kwa vidonge. Huku pembeni bado pana wekundu. Naweza kukudunga sindano ndogo ndogo za kuutuliza, zilizobaki zisiende." Akampa kioo cha mkononi. "Lakini huku mbele, jiangalie."

Raihana alijiangalia. Ngozi ilikuwa laini na inang'aa, kama ya kiganja.

"Hakuna vinyweleo. Hilo ni kovu. Dawa ya kupaka haina pa kushika. Kuna madaktari Mombasa na Nairobi wanatoa mizizi ya nyuma wanaipanda mbele, lakini ni ghali, na kwenye kovu si yote inashika. Na hata hao watakuambia kwanza uache kuvutwa. Chochote tutakachofanya, kama kichwa kinaendelea kuvutwa, tunafanya bure."

"Ningekuja mapema?"

"Mapema lini?"

"Mwaka wa kwanza. Zilipoanza."

Daktari aliivua miwani. Alionekana anatafuta namna ya kulisema ambayo haipo. "Mwaka wa kwanza hata dawa labda hungehitaji. Ungeachiwa tu, zingerudi zenyewe."

Raihana akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, "Na jicho, daktari? Mtu akikusifu?"

Kwamboka alikuwa amekaa pwani siku za kutosha asicheke. "Hilo siwezi kupima," alisema. "Lakini alama hii naijua, nimeiona kwa wengi. Inafuata njia ya kusukwa, kutoka sikio hili mpaka hili. Mtu akikusifu, hiyo njia ataipatia wapi?"

Botini akirudi, Raihana alilia chini ya buibui lake na abiria wakadhani ni machozi ya mwari anayeiaga nyumba ya mamake. Hakuwa akililia nywele. Alikuwa akililia bakuli.

Alikuwa na nia ya kusema akifika. Alimkuta mamake uani amekunja miguu, anachambua maua ya asmini, anaimba. Tangu lini Bi Hadia ameimba? Raihana akaeleza kwamba alipita pia kwa daktari, na mamake akaacha kuimba, akamtazama kwa tamaa iliyomuuma mwanawe.

"Asemaye?"

"Asema damu yangu huenda ni haba. Na nisisukwe kwa muda. Amenipa na dawa ya kupaka."

Yote yalikuwa kweli, na kweli iliyobaki akaimeza. Bi Hadia alifurahi kama aliyeletewa habari ya mtu aliyepotea. Kesho yake alipika maini, na kesho kutwa tena maini, na mchicha kila mlo, akikaa mbele ya mwanawe mpaka sahani imalizike. Kuhusu kusukwa alisema daktari wa bara hajui nywele za watu, lakini atamwacha hadi siku yenyewe. Kila siku Raihana alisema atamwambia kesho.

Ummu, mtoto wa Nasreen, ndiye aliyemwita. Mabinti hawa wawili hawakugombana kamwe, walikuwa wakionana kisimani na madrasani. Alimwambia miguu ya mamake imevimba, pumzi inamkatika, Amu wamempa dawa za moyo wakamrudisha nyumbani. "Akuuliza kila siku," alisema. "Ndoo umuone hata dakika moya."

Raihana akavuka kichochoro mamake alipokwenda kumsuka mtu.

Nasreen alikuwa ameegemezwa mito kitandani. Alipoisikia sauti ya Raihana mlangoni alivuta ncha ya leso akajifunika uso. Raihana akadhani analia. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wake, na leso ikabaki palepale.

"Nisikutazame, mwanangu," alisema Nasreen kutoka ndani ya leso. "Una harusi."

Raihana akamgeukia Ummu.

"Ndivyo alivyo," alisema Ummu. "Miaka yote hii. Mwanangu alipozaliwa, alimpakata na mato kayafumba. Hamuyui sura mjukuu wake akiwa mdogo. Kitu kizuri hakitazami, na akikiona hasemi."

Hapo ndipo Raihana alipoelewa kwamba Nasreen mwenyewe aliamini. Alikuwa amejihukumu kuliko walivyomhukumu wao, na adhabu alikuwa akiitumikia ndani ya nyumba yake, peke yake, kila siku. Raihana aliona aibu kubwa. Aliishika leso, akaishusha taratibu, akamweleza yote, kuanzia kitaa cha daktari hadi neno la mwisho.

Nasreen alisikiliza akipumua kwa shida. "Wasema kweli," aliuliza, "au wanipa dawa?"

"Nasema kweli, mama."

Akaushusha mtandio, akainamisha kichwa mapajani mwa mgonjwa, akavichukua vidole vyake na kuviweka juu ya sikio la kulia. Vidole vikapita polepole juu ya ngozi ile laini, vikazunguka mbele, vikashuka sikio la kushoto. Vilirudi tena, vikaenda tena.

"Ndiyo ndia yake hii," alisema Nasreen. "Hapa ndipo Hadia aanzapo. Nami alikinisuka, tukiwa wadogo, nikilia." Vidole vikasimama. "Kwa hivyo si ito langu."

"Si jicho lako. Halikuwa jicho lako hata siku moja."

Nasreen alilia, na Ummu akalia, na Raihana hakuinua kichwa mpaka walipomaliza. Alipoinua, alikuta anatazamwa. Mamake mdogo alikuwa amemkazia macho yaliyovimba, anamtazama uso mzima, kama mtu anayekunywa maji baada ya kufunga.

"Una uso mzuri, Raihana," alisema. "Mashallah. Mashallah, tabarakallah."

Raihana alitaka kuondoka pale pale akamwite mamake. Nasreen akamshika mkono.

"Usimwambie. Si sasa. Mikono ile ndiyo iliyokulea, na ndiyo aliyonayo. Mwana wake mmoya aolewa, mwate afurahi. Harusi ikipita umwambie taratibu, aye kwangu mwenyewe. Nimengoya miaka hii yote, siku hizi tatu nne ndizo zitakazonishinda?"

Raihana akakubali. Alikubali kwa mapenzi, kwa wote wawili, na ndilo jambo ambalo hatajisamehe.

Maana zilimshinda. Nasreen alikufa wiki hiyohiyo, baada ya adhuhuri, amekaa, amemshika mjukuu wake mkono. Sauti ya Ummu ilivuka kichochoro. Bi Hadia alikuwa jikoni anakaanga vitumbua, mwiko ukamtoka. Alisema inna lillahi, akauzima moto, akavaa buibui lake vizuri, akavuka. Mlango ambao hakuupita miaka minane aliupita bila kusimama.

Maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake, na jamaa wa karibu ndio wenye haki ya kwanza. Bi Razan, mwoshaji wa mtaa huo, alimpisha Bi Hadia upande wa kichwani. Ummu alikuwa miguuni. Raihana alishika ndoo. Kabla ya kuanza Bi Razan akasema, kama inavyosemwa, kwamba mwenye lake na maiti amsamehe.

Bi Hadia alivuta pumzi. "Nimemsamehe," alisema, na sauti yake ilikuwa ya ukweli mtupu. "Ito lake na nyele za mwanangu, yote nimemsamehe, mbele ya Mngu na mbele yenu."

"Amin," wanawake wakaitikia. Mmoja akasema Allah amlipe, amefanya jambo kubwa.

Ummu aliinua macho akamtazama Raihana juu ya mwili wa mamake. Raihana alitamani aseme neno. Maji ya ndoo yalikuwa yakimwagika miguuni pake. Nasreen alikuwa anasamehewa mbele ya watu kwa jambo ambalo hakulitenda, na mwenye ushahidi kichwani pake wa kulikana alikuwa amekwisha kuahidi kunyamaza.

Walimwosha. Walipomaliza, Bi Razan akakichukua kitana, akampa Bi Hadia. Nywele za mwanamke aliyekufa hufumuliwa, huchanwa, husukwa misuko mitatu, ikalazwa nyuma yake.

"Kazi yako hiyo, Hadia," alisema.

Nywele za Nasreen zilikuwa nyeupe na nyingi, zimeshuka mabegani. Hakuna aliyejua. Naye pia alikuwa haendi harusini.

Bi Hadia alipiga magoti, akazigawa, na vidole vikaanza vyenyewe, kama vilivyofanya kazi maisha yote. Akavuta. Ngozi ya paji la uso ikapanda, na nyusi za maiti zikainuka, ikawa Nasreen ana sura ya mtu aliyeshtuliwa.

"Taratibu," alisema Bi Razan. "Maiti huumia."

"Mkono wangu ndio huu."

Raihana aliiweka ndoo chini. Akapiga magoti kando ya mamake, akaweka mkono wake juu ya mkono ule.

"Legeza, mama."

"Zitafumka."

"Na zifumke. Legeza. Ndiko huku kuvuta, wala si jicho."

Alilisema kwa sauti ya chini, na hao wengine hawakulisikia, au walilisikia wasilijue. Bi Hadia aligeuka kumtazama. Mtandio wa Raihana ulikuwa umerudi nyuma alipoinama, na mama akaiona ile ngozi inayong'aa, kutoka sikio hadi sikio, mahali palepale ambapo vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimesimama juu ya kichwa cha nduguye. Alitazama huku, akatazama huku. Akaiondoa mikono kichwani.

"Ulinambia ni damu," alisema.

"Daktari alinambia na mengine."

"Nasreen aliyua?"

"Alijua. Ndiye aliyenikataza kukwambia, mpaka harusi ipite."

Wanawake waliona mabega ya Bi Hadia yanatikisika, wakasema ni uchungu wa ndugu, na hawakukosea. Aliufumua msuko alioanza, akazichana nywele upya kwa kitana, akasuka tena, polepole, akizigusa kwa ncha za vidole. Misuko yote mitatu ilitoka milegevu mno hata Bi Razan akalazimika kuifunga ncha kwa vipande vya sanda. Hakuna aliyewahi kuona kazi mbovu kama hiyo kutoka kwa Bi Hadia.

Wanaume wakalichukua jeneza. Wanawake hawaendi makaburini, hubaki ndani na kusoma. Bi Hadia alisoma na wenzake hadi magharibi, kisha akanyanyuka akarudi nyumbani, na Raihana akamfuata.

Alimkuta uani, kando ya tangi. Mamake alikuwa amelifudua lile bakuli la ukingo wa samawati, amelisugua likarudi weupe wake. Alilijaza maji, akaweka sufuria chini ya kukingia. Akanawa uso. Akanawa mikono hadi viwiko, akasugua vidole kimoja kimoja kwa muda mrefu, akanawa na miguu. Maji yote yakakingwa ndani ya sufuria, naye akayamimina ndani ya bakuli yasipotee.

"Ndoo hapa," alisema, akimwita kwa mkono.

"Mama, si mambo ya jicho haya. Daktari amesema..."

"Nayua alilosema. Inama."

Raihana akaushusha mtandio, akainama. Mamake hakumgusa kichwa. Aliinua bakuli kwa mikono miwili, akayamimina maji juu ya utosi, juu ya kovu la mbele, juu ya wekundu wa pembeni, hadi tone la mwisho. Yalikuwa ya baridi na yalimwingia Raihana shingoni. Alijua hakuna unywele utakaoota kwa ajili yake. Aliendelea kuinama kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kumtazama mamake usoni.

"Nalikisema hakunawa kwa niya," alisema Bi Hadia juu yake. "Watu wote niliwaambia. Alinawa kwa niya, Raihana. Alinawa kwa niya safi, na hakuwa na la kuosha."

Akalifuta bakuli kwa ncha ya leso, ndani na nje. Kisha akavaa buibui, akavuka kichochoro kwenda kulirudisha, na ikambidi ampe Ummu, maana mwenyewe hakuwapo.